Kupima kiendeshi cha grafiki: majaribio yapi kwanza?

Fundi mmoja wa Msanzi, mkoani Rukwa, huwawekea wateja Linux kwenye kompyuta mpakato zilizotumika. Anauliza jinsi ya kupima kiendeshi cha grafiki, yaani programu inayoiamuru chipu kuchora picha kwenye skrini. Mtaalamu wetu anamjibu.

Nianzie wapi, ndugu mtaalamu?
Anza na Piglit. Ni mkusanyiko huria wa majaribio ya kiotomatiki, unaotumiwa sana kupima Mesa, mradi wa viendeshi ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Ukishaupakua na kuuandaa, hauhitaji bando kuendeshwa.

Majaribio ni makumi ya maelfu. Yote niyaendeshe?
Hapana, ndugu yangu. Tanguliza kundi la “sanity”, ambalo ni dogo mno. Kompyuta ikishindwa hapo, hakuna haja ya kuendelea. Ikifaulu, nenda kwenye “quick”. Majina yamepangwa kutoka kwa jumla hadi mahususi, kwa hiyo ukiandika `-t glsl-1.30` utapata majaribio ya toleo hilo tu la lugha ya GLSL. Kwa `-x` unayaacha usiyoyataka, kwa mfano yale yanayogandisha mashine.

Linalofeli kila siku nilifute?
Usilifute, liandike. Watunzi wa Mesa huweka orodha tatu kwa kila aina ya chipu wanayoipima: yanayofeli, yasiyotabirika na yanayorukwa. Jaribio lililo kwenye orodha ya kufeli likifaulu ghafla, mfumo wao hulitolea taarifa pia, ili orodha irekebishwe. Orodha isiyosema kweli ni hatari kuliko kutokuwa na orodha, maana hitilafu mpya hujificha humo.

Umeme ukikatika katikati?
Tumia `piglit resume` na jina la folda ya matokeo. Kazi itaendelea palipokatikia.

Matokeo ya kijijini yatamsaidia nani?
Yatasaidia wengi. Hakuna maabara yenye chipu zote za zamani, na hizo ndizo zilizo mezani kwako. Pima kabla ya kusasisha Mesa, pima tena baadaye kwenye mashine ileile, kisha linganisha kwa `piglit summary html`. Ukikuta jaribio lililofaulu jana limefeli leo, wapelekee watunzi jina lake, aina ya chipu na matoleo yote mawili ya Mesa. Kwa taarifa hiyo wataanza kuitafuta hitilafu.