Kufundisha Utoaji wa Majina: Mfano wa Vifaa vya Kompyuta

Madhumuni

Baada ya somo hili mwanachuo aweze kueleza kwa nini jina hapana budi litambulishe kitu kimoja tu, na aweze kulifundisha jambo hilo katika Darasa la Tano.

Maelezo kwa mwalimu

Linux ni programu kuu ya kompyuta iliyo huria: mtu yeyote aweza kuisoma na kuirekebisha. Katika mashine nyingi ndogo, Linux hupewa orodha ya vifaa vilivyomo, iitwayo mti wa vifaa. Humo jina la kifaa huwa na sehemu mbili zinazotenganishwa na mkato: kwanza mtengenezaji, kisha aina ya kifaa. Katika "fsl,imx6q", fsl ni kampuni ya Freescale, na imx6q ni kichakataji chake. Linux hulitumia jina hili kutafuta programu ya kukiendesha kifaa. Isipoipata, kifaa hakifanyi kazi.

Kitangulizi huchaguliwaje? Baadhi vilitokana na vifupisho vya makampuni katika soko la hisa, kama fsl, na brcm ya Broadcom. Lakini si kila mtengenezaji yumo sokoni. Vingine ni jina lenyewe, kama raspberrypi. Vyovyote iwavyo, kitangulizi huandikwa katika orodha moja ya pamoja, ili watengenezaji wawili wasigongane.

Mwaka 2015 Freescale iliunganishwa na NXP. Je, fsl ifutwe? La. Mashine zilizokwisha kuuzwa zina jina la zamani. Likiondolewa, Linux mpya haitazitambua. Jina lililokwisha kutolewa ni ahadi.

Hatua za somo

1. Kila kikundi kiorodheshe vitu vyake vitano, bila kushauriana na kingine.
2. Vitu vichanganywe, na vikundi vibadilishane orodha na kutafuta. Majina kama "kalamu" yatagongana.
3. Kila kikundi kichague kitangulizi, kikiandike ubaoni, kisha kwenye vitu na orodha. Zoezi lirudiwe.
4. Kikundi kimoja kibadili kitangulizi kwenye vitu vyake tu. Wenye orodha ya zamani watakwama.

Mwalimu asitangulize kanuni. Wanafunzi waone mgongano kwanza, ndipo waitunge wenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Vikundi viwili vikitaka kitangulizi kimoja, nani apewe, na kwa nini?
2. Kwa nini hatua ya nne isitangulie ya tatu?