SOMO KWA WANANCHI: VIWAVIJESHI KATIKA UKOKA NA NGITILI

Wakazi wa Didia, pamoja na watumishi wanaotunza viwanja vya ofisi, shule na zahanati, wanakumbushwa kuwa adui wa mahindi huanzia katika nyasi. Ukoka, ambao ndio pambo la viwanja vyetu, na nyasi za ngitili huliwa na viwavijeshi mara baada ya mvua za kwanza, wakati mahindi yangali machanga. Ngitili, zilizofufuliwa mkoani Shinyanga kwa juhudi za mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, ndizo akiba ya malisho ya kiangazi. Zikiliwa sasa, mifugo itateseka baadaye.

Mwandishi aliwahi kumkuta mtunza bustani akiumwagilia maji ukoka uliogeuka rangi, akidhani ni ukame. Alipoufunua kwa mkono, wadudu walikuwa wamejaa chini yake.

Nondo huja na upepo wa mvua na kutaga usiku. Mayai huanguliwa kati ya siku 2 na 5. Kiwavi mchanga ni wa kijani, hukwangua jani na kuliacha kama kioo chembamba; kwa hiyo ni lazima kuinama na kupekua nyasi. Wakisongamana, migongo yao hugeuka myeusi, nao huanza kuhama kwa makundi. Kichwani huwa na alama mfano wa herufi V iliyopinduliwa. Asichanganywe na kiwavijeshi vamizi, aliyegunduliwa nchini mwaka 2017: huyo hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangika mraba. Mahali penye vipara, vishimo vidogo na vipande vya majani yaliyokatwa, mshukiwa ni mchwa.

Watu wengi hukimbilia bomba la dawa wakiona weusi wa viwavi, ilhali wakati huo umekwisha kupita. Kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake katika siku zake za mwisho, kisha hujifukia ardhini. Dawa hufaa wakiwa wadogo na wa kijani. Wakitoweka ghafla, msinyunyize: ukoka utachipua wenyewe kutoka mizizini, na fedha itakuwa imepotea bure.

Ngitili iliyonyunyiziwa dawa isilishwe mifugo mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chombo cha dawa hiyo. Hata pasiponyunyizwa, wafugaji wasiharakishe kuingiza ng'ombe katika malisho yaliyotoka kuliwa na viwavi, kwani vifo vya ng'ombe vimewahi kuripotiwa katika malisho ya namna hiyo.

Atakayeona nondo wengi kwenye taa baada ya mvua, au yangeyange wakikusanyika penye nyasi, na apekue nyasi hizo asubuhi inayofuata. Akikuta viwavi, amwarifu Afisa Ugani wa Kata au Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo.