Nyota zangu zinatoka zimetambaa

Swali: Biskuti zangu za kakao naziingiza kwenye oveni zikiwa nyota, zinatoka bapa kama chapati. Nimepunguza sukari, bado. Nifanyeje?

Jibu: Mshukiwa wa kwanza ni siagi. Kwa joto letu hili inalainika ungali unasukuma, na ikiyeyuka ndani ya oveni kabla unga haujashika, pembe zote hutambaa. Ukishakata nyota, zipange kwenye trei uziweke friji nusu saa, kisha zitoke humo moja kwa moja hadi kwenye oveni iliyokwisha kupata moto, nyuzi 175.

Bekin pauda acha kabisa. Kazi yake ni kuumua, nawe hutaki kitu kiumuke. Usiipige siagi na sukari mpaka ijae hewa, changanya tu. Gramu 225 za siagi zibebe unga gramu 300 na kakao 50.

Tena, nyunyizia kakao ubaoni badala ya unga, usije ukapata mabaka meupe. Rangi haitakuonyesha kama zimeiva, kwa hiyo gusa ukingo: ukiwa mkavu na imara, zitoe, hata kama katikati bado ni laini. Zitakakamaa zikipoa.