Utunzaji wa viumbe wadogo: fundisho kutoka kwa vipepeo

Masomo: Mwanzo 2:15, Mithali 12:10

Katika toleo hili tunajifunza juu ya kazi ambayo wengi wetu hatukudhani kuwa ni kazi: kuwatunza vipepeo na viumbe wengine wadogo katika makumbusho ya sayansi. Tumeichagua kwa sababu sehemu ya kazi hiyo huanzia katika misitu ya Afrika Mashariki, na kwa sababu ina fundisho kwa kila kikundi chenye mradi unaotegemea soko la mbali.

1. Kazi ya mtunzaji

Mwaka 1999, makumbusho yaitwayo Museum of Life and Science katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina, Marekani, yalifungua jumba la vipepeo liitwalo Magic Wings. Majumba ya namna hii yapo katika miji mingi ya Marekani na Ulaya. Kwa kawaida huezekwa kwa vioo, na ndani yake hutunzwa joto na unyevu kama wa msitu, hata kama nje kuna baridi kali.

Vipepeo wengi huletwa humo wakiwa pupa, yaani hatua ile ambayo kiwavi ameacha kula na amejifungia ndani ya ganda ili ageuke kuwa kipepeo. Sanduku likifika, hufunguliwa katika chumba kilichofungwa vizuri. Mtunzaji hukagua pupa mmoja mmoja. Aliyeoza hutolewa. Vivyo hivyo aliyeingiliwa na nyigu au nzi, maana wako wadudu wanaotaga mayai katika mwili wa kiwavi au pupa, na watoto wao humla angali hai.

Wale wazima huning'inizwa. Kipepeo anapotoka kwenye ganda, mabawa yake huwa madogo na laini. Hujishikiza mabawa yakielekea chini, akisukuma maji ya mwili ndani yake mpaka yatanuke na kukauka. Akikosa mahali pa kujishikiza, au akianguka wakati huo, mabawa hukauka yakiwa yamekunjamana, naye hataruka kamwe. Mtunzaji hana namna ya kusahihisha jambo hilo baadaye.

Wengi huishi wiki moja hadi tatu tu baada ya hapo. Hulishwa maua, maji ya sukari na matunda yaliyoiva sana kama ndizi. Milango huwa miwili, mmoja baada ya mwingine, na wageni huombwa kujikagua kabla ya kutoka ili wasimchukue kipepeo kwenye nguo. Majumba mengi hayapandi mimea inayoliwa na viwavi, kwa kuwa kipepeo mgeni akitoroka na kuzaa anaweza kuwa adui wa mazao.

Uangalifu huohuo hutumika kwa viumbe wengine. Chura hunyonya maji na kemikali kupitia ngozi yake. Kwa hiyo mtu mwenye sabuni au dawa ya mbu mikononi anaweza kumdhuru kwa kumshika tu.

2. Kazi inapoanzia

Huko Gede, pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kwa ajili ya wananchi wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapa Tanzania, mradi wa vipepeo wa Amani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Wengi wa wafugaji walikuwa akina mama.

Mfugaji huweka vipepeo majike katika kizimba cha neti pamoja na mimea ambayo aina hiyo hutagia. Kila aina ina mimea yake: wako wanaotaka majani ya michungwa na milimau, na wako wanaotegemea miti ya msituni. Kwa hiyo msitu ukikatwa, mbegu ya vipepeo hupotea na chakula cha viwavi hupotea. Mfugaji hapo huulinda msitu kwa sababu unamlisha.

Pupa wakikusanywa, hufungwa kwa pamba na kusafirishwa kwa ndege. Muda ni mfupi, kwani aina nyingi hukaa pupa kwa wiki mbili hivi. Sanduku likicheleweshwa, vipepeo hutokea humohumo na kufa.

3. Soko lilipokatika

Mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Marufuku hiyo iliwagusa vipepeo pia. Wafugaji wa Amani walikuwa hawajapungukiwa na bidii wala ujuzi. Viwavi waliendelea kula na kugeuka, lakini njia ya kwenda sokoni ilikuwa imefungwa, na mapato yaliyolipa ada na matibabu yalikoma.

Tunajifunza kwamba utunzaji ni mnyororo. Mtunzaji wa makumbusho akizembea kwa saa moja, kazi ya mfugaji ya wiki nyingi hupotea. Na njia ya soko ikiwa moja tu, uangalifu wa wote wawili hautoshi. Huko Gede kuna jumba la maonyesho linalopokea wageni na wanafunzi, na kijijini Pete, Zanzibar, karibu na msitu wa Jozani, kituo cha vipepeo hupokea watalii. Hapo kipepeo huleta kipato bila kuvuka mpaka.

4. Ya kuzingatia katika vikundi vyetu

(a) Tuandike hatua zote za mradi, tangu mbegu hadi mnunuzi, na jina la anayewajibika katika kila hatua.
(b) Tufahamu sheria na vibali vinavyohusu bidhaa yetu kabla ya kutumia mtaji.
(c) Tutafute soko la pili la karibu wakati la kwanza lingali zuri.
(d) Tutunze chanzo: msitu, maji au udongo.

Maswali ya kujadili

1. Mithali 12:10 inatufundisha kwamba uadilifu wa mtu huonekana hata kwa mnyama aliye mikononi mwake. Katika mradi wetu, ni kiumbe gani tunayemsahau kwa sababu ni mdogo?
2. Mnunuzi wetu mkubwa akiacha kununua kesho, familia zetu zitaishije mwezi ujao?

Mungu aliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza atupe mikono yenye uangalifu. Amina.