SOMO LA VIKUNDI: Pesa za Watoto Zilikwenda Wapi, na Zilibadilisha Nini?



Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kupima kazi ya shirika la kutoka ng'ambo linalosaidia watoto. Huenda mkauliza, je, hiyo si kazi ya wafadhili na wakaguzi wa hesabu? La, hata sisi inatuhusu. Shirika likiingia kijijini, mara nyingi ni kikundi kama chenu kinachoombwa kuandika majina ya watoto wenye shida, kuonyesha nyumba zao na kutoa watu wa kamati. Baada ya miaka miwili mitatu, mzazi ambaye mtoto wake hakuandikwa atawauliza ninyi, wala hatamwuliza mtu wa Ulaya. Naye mgeni akija na kalamu kuuliza kama mradi umesaidia, twajibu haraka, "Umesaidia sana," kwa kuogopa msaada usije ukakatwa. Jibu kama hilo halimfai mtoto yeyote.

Kuna maswali mawili ya kuuliza. La kwanza, pesa zilikwenda wapi? La pili, zilibadilisha nini katika maisha ya watoto? Wengi hudhani ukijibu la kwanza umejibu na la pili. Sivyo, kama tutakavyoona.

1. PESA ZILIKWENDA WAPI?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mashirika makubwa hutoa taarifa ya hesabu kila mwaka, na matumizi hugawanywa katika vikapu vitatu: kazi ya mradi, uendeshaji wa ofisi, na gharama za kutafuta michango. Tuseme shirika limetumia shilingi 100. Kama 82 ni za mradi, 10 za ofisi na 8 za kutafuta michango, litatangaza kwamba senti 82 za kila shilingi zinawafikia watoto.

Hesabu hiyo inafaa, lakini iangalieni vizuri.

Kwanza, kikapu cha mradi kina mengi ndani. Kina sare na dawa, lakini chaweza pia kuwa na mshahara wa afisa, petroli ya gari na semina ya hotelini. Si vibaya kuwa na afisa. Bila yeye nani atatembelea nyumba za watoto? Ila ulizeni kila kitu kilichukua kiasi gani.

Pili, vitu vilivyotolewa bure navyo huandikwa kama pesa. Mwaka 2011 jarida la Forbes la Marekani lilieleza jinsi baadhi ya mashirika yalivyoandika kidonge kimoja cha minyoo kuwa na thamani ya zaidi ya dola 10, hali kidonge kama hicho kiliweza kununuliwa ng'ambo kwa senti chache. Fikirini: dawa ya shilingi mbili ikiandikwa kuwa ya shilingi mia tisa, mradi unaonekana mkubwa na ofisi inaonekana kutumia kidogo sana, lakini hakuna mtoto aliyeongezewa hata kidonge kimoja.

Tatu, ofisi kutumia kidogo si ushahidi wa kazi njema. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazochunguza mashirika ya misaada, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, ziliandika barua ya wazi zikiwaomba watoaji wasipime shirika kwa asilimia ya gharama za ofisi peke yake. Shirika lisilomlipa mtu wa kuweka vitabu sawasawa ni rahisi kuibiwa.

2. ZILIBADILISHA NINI?

Mfano mzuri uko hapa kwetu Kenya. Katika miaka ya 1990, shirika la ICS kutoka Uholanzi lilifanya kazi na shule za msingi za Busia na Teso. Lilikubali kazi yake ipimwe na wataalamu wa uchumi, akiwemo Michael Kremer wa Marekani, ambaye mwaka 2019 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hawakuanza na shule zote kwa pamoja. Za kutangulia zilichaguliwa bila upendeleo, na zilizobaki zikawa za kulinganishia. Tazameni mambo matatu waliyoyapata.

Vitabu. Kuanzia mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya masomo. Mtu angetarajia alama zipande, lakini kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele darasani. Sababu ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu. Wengi hawakuweza kuvisoma.

Sare, vitabu na madarasa kwa pamoja. Shule 7 kati ya 14 zilizokuwa dhaifu zilipewa msaada huu. Watoto walioacha shule walipungua sana, na baada ya miaka mitano wanafunzi walikuwa wamesoma zaidi kwa kiasi cha asilimia 15. Lakini watoto wengi wa shule za jirani walihamia huko, hata idadi ya wanafunzi darasani ikapanda kwa karibu nusu. Faida ilikuja na msongamano.

Dawa za minyoo. Kazi hii ilianza mwaka 1998 katika shule 75, zikipokea dawa kwa zamu. Gharama ilikuwa chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Watoto kukosa shule kulipungua kwa karibu robo moja, na hata ambao hawakumeza dawa walipata nafuu kwa sababu minyoo ilipungua kijijini. Alama za mtihani hazikubadilika. Mwaka 2015 wataalamu wengine walirudia hesabu hizo, wakapata makosa katika sehemu iliyohusu shule za jirani, na mabishano yakawa makali. Mwaka 2021 yakatolewa matokeo ya miaka ishirini: watu waliopata dawa miaka miwili au mitatu zaidi utotoni walikuwa na mapato ya kila saa ya kazi yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 13.

Basi oneni. Katika daftari, mambo yote matatu ni kazi ya mradi. Yote yaliwafikia watoto na stakabadhi zipo. Hata hivyo vitabu havikumbadilishia kitu mtoto wa kawaida, na kidonge cha bei ndogo kilimrudisha darasani. Mkaguzi wa hesabu peke yake hangeweza kuwaambia hayo.

3. LINGANISHENI, MSITAZAME KABLA NA BAADA TU

Tuseme shirika lilianza kusaidia shule yenu mwaka 2002, likahesabu wanafunzi tena mwaka 2004 na kukuta madarasa yamejaa. Je, ni kazi ya shirika? Mwaka 2003 serikali iliondoa karo za shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja waliingia shule nchi nzima. Madarasa yangejaa tu, shirika liwepo lisiwepo.

Kwa hivyo ulizeni kila mara: ikilinganishwa na nani? Utafiti mmoja kuhusu shirika la Compassion, uliotolewa mwaka 2013, ulichukua nchi sita, Kenya ikiwemo. Waliokuwa wamefadhiliwa walilinganishwa, pamoja na wengine, na ndugu zao wakubwa waliokuwa wamepita umri mradi ulipofika. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu hivi. Ulinganisho wa namna hii hata kikundi chaweza kuujaribu kwa daftari na kalamu, ingawa jibu litakuwa la kukadiria tu.

4. MASWALI YA KULIULIZA SHIRIKA

Ulizeni kwa heshima, na mwandishi wa kikundi aandike majibu.

a) Mwaka jana mlitumia kiasi gani katika eneo letu, na kwa mambo gani?
b) Vitu vilivyotolewa bure mmeviandika kwa bei gani?
c) Hesabu zilikaguliwa na nani? Tunaweza kuona nakala?
d) Mtoto anayefadhiliwa hupata nini hasa, na asiyefadhiliwa wa nyumba ya pili anapata nini?
e) Mnajuaje kwamba mabadiliko yametokana na mradi?
f) Ni jambo gani mliacha kulifanya baada ya kuona halisaidii?

Swali la mwisho ni zito. Shirika ambalo halijawahi kuacha lolote huenda halijapima. Tena msiogope kwamba mnavunja adabu. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024, inayataka mashirika yaliyosajiliwa kuweka vitabu vya hesabu na kutoa taarifa.

5. KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, chagueni watu wawili, mmoja awe mama mweka hazina. Waandike majina ya nyumba kumi zenye mtoto anayesaidiwa na kumi zinazofanana nazo ambazo hazisaidiwi. Kwa kila nyumba waulize: mtoto alikosa shule siku ngapi muhula uliopita, na kwa sababu gani? Majina ya watoto yasisomwe mbele ya watu; someni idadi tu.

Kisha jadilini:
- Kama hakuna tofauti, tumwambie nani, na kwa maneno gani?
- Kama sababu kubwa ya kukosa shule ni maradhi, na msaada unaoletwa ni mikoba, tuombe nini badala yake?
- Je, daftari la kikundi chetu lenyewe laweza kujibu maswali (a) hadi (f)?