Maradhi ya Akili Yasifichwe Mbele ya Hakimu

*Mheshimiwa Mshauri, mdogo wangu, tuliyekuwa tukilima naye pamba hapa Lingeka, tangu mwaka jana husema na watu tusiowaona, akikesha kuzunguka ua. Mwezi uliopita alimkata jirani kwa panga, na sasa yuko rumande Bariadi. Baba mdogo amekataza hakimu asiambiwe habari ya maradhi, ukoo usije ukaitwa wa vichaa na mabinti zetu wakakosa kuposwa. Silali, na chakula hakinishuki. Nifanyeje?*
*Dada Mwenye Huzuni, Lingeka*

Binti yangu, nakupa pole, nayo imfikie pia jirani aliyejeruhiwa, kwani haki tunayoitafuta ni yake vilevile.

Baba yako mdogo anataka sitara, nayo ni jambo jema. Lakini sitara inayomnyima hakimu ukweli huwa dhuluma kwa mgonjwa na kwa majeruhi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka njia: mahakama ikiona kwamba yamkini mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda, huweza kuahirisha shauri na kuamuru apelekwe hospitali ya akili, ambako tabibu mkuu hutakiwa kuandika taarifa ya hali yake ndani ya siku 42. Mahali panapojulikana sana kwa kazi hiyo ni Dodoma, Hospitali ya Mirembe na taasisi yake ya Isanga. Mambo mawili hupimwa, wala hayachanganywi: kama siku ile alifahamu alitendalo na kwamba halifai, na kama leo aweza kuifuata kesi yake na kujitetea. Wala mtu asidhani huo ni mlango wa kuponyokea, maana hata ikithibitika kuwa alitenda akiwa mgonjwa, mahakama huweza kuamuru awekwe hospitalini chini ya ulinzi.

Basi mwambieni wakili hima. Na kama hamna uwezo wa kumlipa, ulizieni katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri habari za Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Andikeni maradhi yalianza lini, nani waliyashuhudia, mganga gani mlimwendea na dawa gani alipewa, pamoja na vyeti vya zahanati. Msipunguze kwa kuona haya, msiongeze kwa huruma, wala msimfundishe maneno ya kusema, kwani uongo mmoja ukigunduliwa, hata ukweli wenu utatiliwa shaka. Na baba mdogo aelezwe, kwa adabu zote anazostahili, kwamba jina la ukoo hulindwa na watu wasiokubali ndugu yao ahukumiwe kwa nusu ya habari.

Ama wewe, kukosa usingizi na hamu ya kula ni dalili zinazostahili tabibu kama homa inavyostahili. Nenda hospitali juma hili, useme yote, usingoje kesi iishe. Safari ya mahakamani ni ndefu, na mdogo wako atakuhitaji ukiwa na afya.