Kijana Mgeni Katika Kazi ya Posta

Watu wengi hudhani ya kwamba mpelekaji barua hahitaji elimu nyingi, ila kusoma majina na kuwa na miguu yenye nguvu. Kijana aingiaye kazini kwa fikira hiyo huona haya siku ya kwanza, tena kabla jua halijapanda, anapowekwa mbele ya rafu yenye vishimo vingi na kupewa fungu la barua ili atie kila moja mahali pake.

Kosa lake la kwanza karibu kila mara ni lile lile: huanza kusoma jina la mtu. Mwenye ujuzi huisoma anwani kutoka chini kwenda juu, yaani nchi, kisha mji, kisha nambari ya sanduku, na jina huwa la mwisho. Akifanya hivyo mkono huenda upesi. Lakini si kila mwandikaji ana mwandiko mzuri, na haraka yake huweza kuifanya Kisii ifanane na Kisumu. Ndipo tarakimu tano za posta zinapofaa, kwa kuwa Kisumu ni 40100 na Kisii ni 40200. Mtu aandikaye tarakimu hizo wazi humwondolea mpangaji shaka yote.

Katika Kenya nyumba nyingi hazina nambari, na kwa sababu hiyo barua hupelekwa kwenye Sanduku la Posta, si mlangoni pa mtu. Sanduku moja la shule, la kanisa au la duka huweza kutumiwa na kijiji kizima. Basi mgeni hana budi kujifunza jambo lisiloandikwa katika kitabu chochote: ni nani anatumia sanduku la nani. Tuseme imekuja barua ya Juma Ali, kwa mkono wa mwenye duka fulani, na akina Juma Ali katika kijiji kile ni wawili, mmoja mzee na mmoja mwanafunzi. Kubahatisha ni vibaya. Yafaa atazame imetoka wapi, aulize bila kuifungua wala kutangaza habari zake, na kama shaka haijaondoka aiweke mpaka ipatikane hakika.

Zamani kazi hii iligawanyika kwa namna nyingine. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipoanzisha posta huko Mombasa mwaka 1890, reli haikuwapo bado. Ilifika Kisumu mwaka 1901. Kabla yake tarishi walichukua mifuko ya barua kwa miguu kwenda bara. Tarishi aliweza kuwa mtu asiyejua kusoma hata herufi moja, kwa maana wajibu wake ulikuwa mmoja tu, kuufikisha mfuko na lakiri yake nzima. Mfanyakazi wa leo hukata lakiri hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo mashaka yake yanapoanza.

Kabla ya kukata kamba, mgeni hufundishwa kuutazama mfuko pande zote: je, lakiri imevunjika? Je, kamba imefungwa upya? Kisha barua za rejista huhesabiwa moja moja kwa kufuata orodha iliyokuja nazo. Kama orodha yasema saba na mezani zipo sita, ni lazima aseme papo hapo, mbele ya mwenzake, kabla ya kutia sahihi. Vijana wengi huona haya kumkawiza mkubwa aliyesimama na kalamu mkononi, nao hutia sahihi kwanza na kuhesabu baadaye. Barua ya saba sasa ni deni lao.

Barua hiyo huenda ina hati ya shamba, au cheti cha shule, au mwito wa kazi wenye siku ya mwisho. Kwa desturi ya posta za dunia, kitu kilichotumwa hubaki mali ya aliyekituma mpaka kimfikie aliyeandikiwa. Kanuni hiyo ni fupi, lakini ni nzito kuitimiza mahali ambapo watu wote wanajuana. Kijana huja dirishani akasema, “Ni ya baba. Yeye ni mzee, hawezi kutembea. Nipe nimpelekee.” Pengine asema kweli, na pengine baba na mwana wana ugomvi juu ya shamba lile lile. Karani hawezi kujua. Jibu lake ni hili, alitoe kwa upole: “Samahani ndugu, mzee akupe barua ya ruhusa yenye sahihi yake, uje nayo pamoja na vitambulisho.” Hata ajapokuwa mjomba wake mwenyewe, jibu halibadiliki, ingawa jioni atalaumiwa nyumbani.

Mvua, matope na mbwa wakali huzoeleka upesi.

Barua isiyopata mwenyewe haitupwi. Huandikwa sababu: hajulikani, amehama, amekataa, au hakuja kuichukua. Kwa barua za ng'ambo sababu hizo huonyeshwa kwa Kifaransa, kwani ndiyo lugha rasmi ya Umoja wa Posta wa Dunia, ulioanzishwa huko Bern mwaka 1874. Na mgeni huyakariri maneno hayo manne ajapokuwa hajui jingine la lugha hiyo. Kisha huigeuza bahasha kutafuta anwani ya aliyeituma. Ikiwapo, barua hupigwa muhuri na kutiwa katika mfuko wa kurudi siku ile ile.